Kamba ya Mbegu

Watu wanaonifahamu watacheka wakisikia nimekaa chini kuandika shukrani. Mimi ni mtu wa kufoka. Mama mkwe wangu husema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirika, na sijawahi kumbishia. Lakini ipo vuli moja, si ya zamani sana, ambayo kila nikiikumbuka hasira hunitoka, nikabaki kushukuru tu.

Nilizaliwa Korogwe, katika kambi ya mkonge. Babu yangu aliletwa na kazi kutoka mbali, akazikwa hapo, na sisi wajukuu tukajihesabu watu wa hapo. Kambini kazi ilianza kwa kengele. Ikilia umetoka, na asiyetoka anajulikana. Mkonge wenyewe haujali mvua; inyeshe isinyeshe, majani yanakatwa. Kwa hiyo nilipoolewa Handeni, kwenye nyumba ya wakulima wa Kizigua, sikujua kabisa kuitazama mbingu. Nilijua kuamka mapema na kuchapa kazi, basi.

Mengine alinifundisha mama mkwe. Jikoni kwake, juu ya mafiga, ilining'inia kamba ndefu ya katani yenye mahindi ya mbegu. Aliyachagua mwenyewe kila mavuno, yale yaliyojaa punje mpaka ncha, akakunja maganda nyuma na kuyafunga mawili mawili. Moshi uliyapaka weusi mpaka dumuzi hakuthubutu kuyagusa, yule mdudu ambaye siku hizi tunamwita skania, kama lori, kwa jinsi anavyosomba ghala zima. Mbegu hiyo alipewa na mama yake. Ilikomaa mapema, punje zake zilikuwa na wekundu kwa mbali, na hapakuwa na duka lililokuwa nayo, si Handeni mjini wala Kabuku.

Kamba ilikuwa na sharti lake. Mvua ya kwanza ya vuli ikishalowesha udongo kufikia kina cha kiganja, kamba inashushwa yote na kupandwa yote. Haikatwi. Anayeikata, alisema mama mkwe, anaishuku mvua, na mvua ikishukiwa hununa. Kilichoruhusiwa kupungua kwenye kamba ni cha kumpa mtu: binti anayeolewa mbali, jirani anayehama. Kuuza hakutaka hata kusikia. Mwaka mmoja mke wa fundi cherehani, aliyekuwa amepanga nyumba ya jirani, alipohamia Mkumbara na mumewe, alifunguliwa mahindi kumi ya kwenda nayo. Nilinung'unika kwamba tunagawa mbegu kama pipi za harusini. Mama mkwe akaniambia kutoa ni moyo, nami nikamjibu kwamba moyo haupikwi ugali. Ndivyo nilivyokuwa.

Basi vuli hiyo mama mkwe alikuwa Korogwe kwa binti yake, akingoja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mume wangu alikuwa kazini Segera, anakuja mara mbili kwa mwezi. Siku ya kuondoka mama mkwe alisimama jikoni akiwa ameshavaa baibui, akaitazama kamba kwa jicho lake moja lililobaki.

"Mvua ikinyesha usiningoje," akaniambia. "Shusha, panda."

Mvua ikanyesha. Ilinyesha siku mbili, nzuri, ya kutulia, na udongo ukatoa ile harufu inayomfanya mtu mzima atake kuucheka ulimwengu. Redioni walikuwa wamesema vuli hiyo itasuasua, kwamba mvua za mwanzo zitakatika na wakulima tusiharakishe. Nilisikia. Sitadanganya kwamba sikusikia. Nilikuwa nachambua mchicha na redio iko karibu na goti langu. Lakini majirani walikuwa wameshatoka na majembe, na mmoja wao, mama wa nyumba ya pili, alipita uani kwangu akacheka.

"Wewe wa kambini, unangoja kengele?"

Miaka ishirini ya ndoa, na bado nilikuwa wa kambini. Maneno hayo yalinichoma kuliko yalivyostahili. Nikashusha kamba. Kwa siku tatu nilipanda pamoja na wanawake wawili tunaosaidiana kwa zamu, shambani kwangu leo, kwao kesho. Tulipanda mpaka hindi la mwisho, kama sharti lilivyotaka.

Siku ya sita mahindi yalichungulia. Nilijisifu sana wiki hiyo. Kisha jua likaja likakaa. Si jua la siku mbili tatu. Lilikaa wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Majani yalijisokota, yakageuka rangi ya majivu, na mwishowe ukishika mche unavunjika kama njiti ya kiberiti. Nilichota maji lamboni kwa ndoo nikamwagilia mistari minne iliyo karibu na nyumba, hadi lambo lenyewe likabaki tope lenye alama za kwato za mbuzi. Mistari minne nayo ikafa. Majirani walipoteza pia, ila wengi wao walikuwa wamepanda mbegu za pakiti, na pakiti nyingine zilikuwepo dukani. Yangu haikuwepo dukani. Mbegu aliyoilinda mama mkwe tangu ujana wake niliimaliza kwa siku tatu.

Nilifoka, kama kawaida yangu. Nilimfokea mama wa nyumba ya pili, nikamfokea mume wangu kwa simu kana kwamba Segera ndiko mvua ilikofichwa. Nikawafokea na watu wa mbali wenye viwanda na magari yasiyohesabika, ambao moshi wao umeharibu majira ya watu wasiowajua. Hilo la mwisho bado nalisema, na nitaendelea kulisema. Lakini nikiwa nimekaa kwenye lile shamba lililokauka niliinua macho nikakiona kilima kilicho juu yetu. Nilipoolewa kilikuwa na msitu. Magunia ya mkaa yaliyotoka pale yalipangwa kando ya barabara mwaka baada ya mwaka, na baadhi yake niliyashona midomo kwa mikono yangu.

Mama mkwe alirudi akiwa amevaa miwani myeusi. Aliingia jikoni, akavua miwani, akatazama juu ya mafiga. Nilikuwa nimejipanga kumweleza taratibu, lakini jicho jipya lilishaona. Alitoka akaenda shambani peke yake. Nilimfuata kwa mbali.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Redio ilisema tusubiri. Nilisikia, nikapanda."

Alikuwa ameshika mche mmoja mkavu. Hakuutupa.

"Mimi ndiye niliyekwambia upande," akasema. "Nilikufundisha mvua niliyoijua mimi. Hii siijui. Unisamehe wewe, mwanangu."

Sijawahi kuombwa msamaha na mtu aliyenizidi umri, wala kabla wala baada. Nililia palepale, nikiwa nimesimama. Ningefurahi zaidi angenitukana.

Kesho yake nilimwambia nakwenda Mkumbara kwa yule mke wa fundi cherehani. Alikataa. Kwao kitu ukishakitoa hukirudii. Kukiomba tena ni kama kukiri kwamba ulikitoa shingo upande. Nikamwambia aibu yake aitunze, yangu nimeshaizika shambani pamoja na mbegu. Akanitolea kapu la kubebea kuku, na kwa mama mkwe wangu hiyo ni ruhusa.

Nilifika Mkumbara nikiwa na kuku mmoja kapuni na moyo mzito. Nilikuwa sijui kama yule mama bado analima, wala kama bado anayo ile mbegu. Huenda alishayala mahindi yale, huenda jua lile lile lilimpitia. Nilimkuta barazani anafumua vifungo vya nguo kuukuu. Alinitambua kabla sijabisha hodi, akanishika mikono miwili, akaulizia nyumba nzima, mpaka mbuzi. Nilipomweleza shida yangu hakunitazama kwa mshangao. Aliingia ndani akatoka na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ndani yake zilikuwa punje zilezile zenye wekundu kwa mbali, zimechanganywa na majivu ya mwarobaini.

"Zilikuwa nyingi zaidi," akasema. "Vuli hii nimepoteza fungu moja. Siku hizi napanda mara tatu, kidogo kidogo. Siyo akili, dada, ni woga."

Alinipimia nusu ya zilizobaki. Nilimkatalia, nikasema robo inatosha. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mbishi.

"Mama yako aliponipa kumi, alijipimia kwanza?"

Nilikumbuka nilivyonung'unika siku ile na pipi zangu za harusini, nikapokea. Nilimpa kuku, akamkubali, akanichinjia huyohuyo tukala mchana. Ninamshukuru kwa zile punje, na ninamshukuru zaidi kwa kutonifanya nijione mwombaji.

Mama mkwe alizipokea mbegu kwa mikono miwili. Alizimwaga kwenye ungo, akazipekua moja moja, kisha akazigawa mafungu matatu. Alifanya hivyo mwenyewe, mtu aliyenifundisha kwamba kamba haikatwi. Nilimuuliza fungu la kwanza tutalipanda lini masika ikifika, na la pili lini, na la tatu.

"Sijui," akasema.

Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akisema hajui jambo la shamba. Niliogopa kuliko nilivyoogopa jua.

Kisha akaniuliza kuhusu bwana shamba, aliyekuwa amepita kijijini kufundisha watu kuchimba makinga maji, ile mitaro inayokata mteremko ili mvua ikija kwa fujo isikimbie na udongo. Nikamwambia amefundisha, ila watu wamesema masika bado miezi mitatu, watachimba wakati ukikaribia. Mama mkwe akainuka akatafuta kamba tupu ya katani, ile ya mbegu, akaniambia nichukue jembe. Daktari alikuwa amemkataza kuinama na kukaa kwenye vumbi. Alijifunga mtandio usoni, akakaa kwenye kigoda upande usio na upepo, akashika ncha moja ya kamba ili mstari wangu usipinde. Nilichimba hatua kumi na mbili siku hiyo. Mama wa nyumba ya pili alipita akatuuliza tunazika nini. Siku ya nne alikuja na jembe lake, na sikumfokea. Nilimkaribisha, na nilifurahi kweli.

Masika ilikuja kwa vurugu. Fungu la kwanza lilioza kwa mvua iliyomwagika siku tano bila kupumua. La pili lilizaa kidogo. La tatu lilikuta mitaro imeshajaa maji, na hata mvua ilipokatika mapema udongo wake ulibaki na unyevu, likazaa mahindi yenye punje mpaka ncha. Nilikwenda kuyatazama kila asubuhi bila sababu. Nilikuwa nikishukuru kwa sauti, mtu mzima peke yangu kati ya mahindi.

Siku ya kuchagua mbegu mama mkwe alinisukumia ungo, akasema nichague mimi. Yalipatikana mahindi ishirini na mawili yaliyofaa. Nilikunja maganda, nikayafunga mawili mawili, nikawa natafuta msumari wa kuyaning'iniza juu ya mafiga, roho imetulia. Ndipo akaingia na kisu akakata kamba katikati. Kipande kimoja akakitundika. Cha pili akakikunja kwenye kanga, akaniambia nikipeleke Mkumbara.

Niliona ni mapema mno. Nilimwambia, mama, hii yote haitoshi hata shamba letu. Tuipande kwanza, izae, kamba ijae, halafu tutampelekea yule mama nyingi za heshima mwaka kesho.

Alikuwa anafunga fundo la kanga. Hakuinua kichwa.

"Mwaka kesho umeahidiwa na nani?"

Nilipanda basi la asubuhi.