Lori la Akina Eliza

Wiki iliyopita, hapa Tunduma, niliona X nyekundu kwenye kibanda cha muuza viatu. Nikaona aibu, maana utotoni nilishawahi kuililia alama hiyo.

Rafiki yangu Eliza alikaa ng'ambo ya barabara yetu, kwenye ardhi ya serikali iliyopakana na Zambia. Mlango wao ulichorwa X. Wetu ukaachwa. Mchana mmoja wanajeshi wakaja na lori, wakapakia godoro lao, masufuria na kuku, kisha mmoja akambeba Eliza na kumketisha juu kabisa ya mizigo. Palinuka dizeli na mahindi mabichi yaliyopondwa na magurudumu. Mimi sikuwahi kupanda hata baiskeli. Kwa nini yeye, asiyejua hata kuruka kamba?

Nikaamua kwamba X ndiyo inayoita lori. Nikakoroga udongo mwekundu kwa maji, nikachora moja kubwa mlangoni kwetu.

Mama alinivuta sikio, akaanza kuifuta kwa kanga aliyovaa.

"Unataka tulale wapi leo, wewe mtoto?"

Nililia kwa hasira. Nilidhani ananinyima lori.

Lilipoanza kuondoka nikalikimbilia, nikipiga kelele, "Usiringe, Eliza! Na letu linakuja!"

Eliza alikuwa amekalia mlango wa nyumba yao, ule wenye X, na nyumba yenyewe haikuwepo tena.