Aliyekalia Gari la Baba

Miaka sita nimeficha jambo hili, hata mchungaji aliponiuliza linalonisumbua. Leo nimechoka. Lilitokea, tena mchana, nyumbani kwetu karibu na Kapkatet, nami nikiwa na digrii zangu mbili.

Baba, fundi wa kiwanda cha chai, aliunda gari la mashindano la kiti kimoja kwa mabomba ya mvuke yaliyotupwa. Injini aliiweka nyuma ya dereva, uzito ukandamize magurudumu yanayosukuma. Rafiki yake aliliendesha mara tatu: akawa wa tatu, akawa wa kwanza, kisha akafia kwenye kona. Baba akachomelea mkono wa chuma ulioshika gurudumu la mbele kushoto, uliokuwa umekatika katika ajali hiyo, akalifunika gari turubai, asilitaje tena.

Tulipomzika Baba, ndugu yangu Kibet akalifufua. Angeshindana nalo Jumapili. Ijumaa tukalipima alivyofanya Baba: unaazima mizani ya kituo cha majani chai, unaning'iniza gurudumu moja moja, kwanza gari likiwa tupu, halafu mtu akiwa ameketi. Kibet alivuta winchi, mimi nikaandika. Wa kuketi tukamkosa.

Mvua ya mawe ilikuwa ndiyo kwanza inakatika. Mzee mmoja akatoka kwenye ukungu, ovaroli yake kavu kabisa, akasema ataketi yeye. Alichomoa usukani kwanza ndipo akaingia. Niamini, mgeni hawezi kujua kwamba usukani ule unachomoka.

Kibet akavuta. Sindano ya mizani ikasimama palepale iliposimama gari likiwa tupu. Magurudumu yote manne. Wewe ungefanya nini? Mimi nilitunga kilo, nikaziandika.

Kibet alipokwenda kurudisha winchi, mzee akaniambia polepole, "Msichana wa fundi, huo mkono wa kushoto haujapona. Mwambie." Msichana, na mvi zangu hizi! Nilipoinua macho kutoka kwenye daftari, kiti kilikuwa kitupu.

Sikumwambia Kibet. Ningeanzia wapi? Jumapili mkono ukakatika pale pale Baba alipochomelea. Kibet alipona, ila goti halikunjiki. Hadi leo hukamua ng'ombe mguu mmoja ukiwa umenyooka mbele.

Ukiona sindano haisongi, sema, hata wakikucheka.

Juzi Kibet alinipigia kuuliza habari za mbolea, nikamweleza yote.

"Dada, hata mimi niliiona hiyo sindano," akasema. "Lakini nilikuona ukiandika. Nikajiambia, kama aliyesoma ameona kilo, basi macho yangu ndiyo mabovu."