Kiti cha Abiria

Shemeji yangu ni fundi wa viti vya magari. Mpe kiti kilichochakaa hadi chuma kikachungulia, atakurudishia utadhani kimetoka kiwandani jana. Ndiyo maana jirani yetu tuliyemwita Injinia alimfuata yeye alipotaka viti viwili vya gari lake la kuruka.

Mimi nilicheka. Gari lenyewe lilikuwa na pangaboi kila pembe, kama sebule iliyopinduliwa. Lakini dada yangu, mke wa fundi, hakucheka. Figo zake zimekufa, na kila baada ya siku chache lazima avuke mji mzima kwenda kusafishwa damu. Tunamwamsha alfajiri, na bado foleni inatukuta njiani. Akifika yuko hoi, akirudi anabebwa. Alishaanza kukataa kwenda. Injinia aliposikia, akaja kumwona.

"Mama, vumilia tu. Likiruka, abiria wa kwanza ni wewe. Foleni utaiona kwa chini."

Mfa maji haachi kutapatapa. Dada akawa anaamka mwenyewe, kabla hatujamgusa. Shemeji akampima mgongo kwa tepu, akashona kiti cha pili kwa kipimo chake, chenye sponji laini pale panapomuuma. Na mimi, mwenye mdomo wangu, nikanyamaza. Nilianza kuamini, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Siku ya kulijaribu, gari lilinguruma, likatimua vumbi, likanyanyuka kimo cha meza, kisha likajibwaga chini. Injinia wala hakuona haya.

"Fundi, betri ni nzito, na nikiweka ndogo halifiki popote. Litabeba dereva tu. Fungua kiti cha abiria."

"Na mke wangu je?"

"Labda huko mbele watatengeneza betri nyepesi. Nani ajuaye?"

Shemeji alikifungua kwa mikono yake. Kukitupa hakuweza, akakileta nyumbani na kukiweka karibu na dirisha, akamwambia mkewe ni cha kupumzikia. Mtu mzima na akili zake! Dada alikaa, akaegemea, mgongo ukatulia.

"Kizuri kweli," alisema. "Sasa kama kiti changu kiko hapa, kule nitakaa wapi?"

Shemeji aliinamisha kichwa, machozi yakimtoka waziwazi. Dada alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye.

"Basi, baba, usilie," alimwambia. "Ila kesho msiniamshe."