Modem yetu ilihitaji mstari mmoja tu kwenye kernel, nikauchelewesha

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Kiswahili changu ni cha huku, nimejaribu kukinyoosha ili wa Dar na Mombasa tuelewane. Hii siyo chai, nimeiishi mwenyewe.

Nina ofisi ndogo ya mitandao hapa mtaa wa Hewa Bora, mimi na mwenzangu Espoir. Tulikuwa na server moja kuukuu ya simu za intaneti. Ndugu yako aliye mbali anapiga namba yetu, sisi tunakuita uje uongee naye.

Vita vilipopamba moto mashariki, miji ikaanguka, benki zikafungwa, simu za kawaida zikafa. Watu wa Kivu walioko hapa wakawa wanashinda kwangu.

Mmoja ni Baba Elie, muuza maharage wa jumla. Mke wake na mama yake mzazi walikuwa wamekwama kule. Simu ya mke iliporwa, akawa anaazima ya watu pale parokiani penye intaneti. Namba aliyoikariri kichwani ilikuwa moja tu. Yetu.

Sasa tatizo.

Huku umeme unakatika na kurudi kila mara. Server ilikuwa na batri, haizimi. Modem, kile kifaa kinacholeta intaneti, ndiyo ilikuwa inazimika, na ikiwaka tena kernel haiioni. Kwa wasiojua, kernel ni ule moyo wa mfumo wa kompyuta, unaoongea na vifaa vyote. Taa inabaki kijani, kumbe umekatika na dunia.

Dawa yetu? Chomoa modem, pumzika kidogo, chomeka. Basi. Nilikuja kugundua kila fundi mwenye modem ile alikuwa anafanya hivyo hivyo, hadi jamaa yangu wa Kambove. Hakuna aliyewahi kuwaandikia watengenezaji. Huku tunaiita article 15, yaani jipange mwenyewe, na tunajivunia kabisa.

Siku moja Espoir akawa anasoma maelezo ya toleo la majaribio la kernel, zile rc zinazotoka kabla ya toleo lenyewe.

"Njo bug yetu hii," akaniambia, yaani ndiyo ile hitilafu yetu. "Banaitengeneza. Tujaribu."

Nikamwambia, "Machine ya bantu haiko laboratoire. Tungoje ile ya mwisho." Yaani mashine ya watu siyo mahali pa kufanyia majaribio.

"Basi tuweke kwa ile machine ingine, ile hainaga kazi."

Nikasema tutaona. Wakuu, hapo kwenye kukataa rc kwenye server ya kazi, hata leo nasimamia neno langu. Lakini ile mashine nyingine ilikuwa pale kwenye kona, imefunikwa kitambaa. Nilikuwa na uvivu, na ile dawa yangu ilikuwa inanitosha.

Wiki zikapita.

Baba Elie akapata dereva rafiki yake, mwenye gari, wa kuwatoa mke na mama yake hadi mpakani. Kilichobaki ni kumwambia mkewe asiondoke, amsubiri dereva. Mke hana namba ya kudumu ya kumpigia, kwa hiyo Baba Elie akaja asubuhi, akakaa kwenye kiti karibu kabisa na server kungoja apige.

Espoir alikuwa mjini kwa mteja. Mimi nikatoka kununua mkate. Kwenye foleni nikaona taa za duka zimezimika zikawaka, wala sikushtuka.

Niliporudi Baba Elie akaniambia, "Dada, bado. Hakuna mutu anapiga."

Nikatazama modem. Taa kijani, lakini server haiioni. Nikachomoa, nikachomeka.

Ikaingia sauti iliyokuwa imehifadhiwa kwa wanaotuuzia namba, ya mkewe.

"Baba Elie, bantu beko banaondoka. Nimepiga, nimepiga. Kama hausemi kitu, nitaenda nabo."

Tukaipigia namba aliyotumia. Mwenye simu akasema wameshaondoka kwa miguu, kundi zima.

Mkewe alifika hapa miezi baadaye, amezunguka nchi za watu, akavuka mto Luapula kwa mtumbwi hadi Kasenga, upande wetu. Mama mzazi wa Baba Elie hakufika. Miguu ilimshinda njiani, wakamzika huko huko kando ya barabara.

Baba Elie hajanilaumu hata siku moja. Ananisalimia vizuri tu, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Baada ya ile siku nilifunua mashine ya kwenye kona, tukaweka rc. Bado modem haikurudi. Marekebisho yalikuwepo, ila aina ya modem yetu haikuwa kwenye orodha ya zilizorekebishwa. Nikaandika kwa msimamizi wa sehemu ile ya kernel. Kesho yake akajibu kwa adabu, na mstari mmoja wa kuongeza. Tukaujaribu, ikakubali. Aliuliza tu mbona hakuna aliyewahi kusema.

Nilichojifunza: kuvumilia ubovu siyo ufundi. Toleo la majaribio lipo ili wewe mwenye kifaa useme, maana yule mtengenezaji hana modem yako wala umeme wako. Una mashine ya akiba, jaribu. Ikigoma, andika, hata kwa kiingereza kibovu kama changu.

Mafundi mlioko humu, hebu semeni, ni kitu gani mnakichomoa na kuchomeka kila siku bila kumwambia mtu? Na mnaoona najilaumu bure, karibuni pia.

Rc iliyofuata ilitoka na ule mstari ndani. Chini yake wameandika aliyeujaribu, jina langu kamili. Espoir alitaka tuliprinti tubandike ukutani. Nilikataa, kwa sababu Baba Elie anajua kusoma, na angeuliza ni lini ningeweza kuuomba.