Saini Kumi na Moja za Painem

Ngatirah hakuwa mtu wa kusaini. Hapa kijijini Watugiri kila mtu alilijua hilo, kama alivyojua kwamba tempe, ile mikate ya soya iliyochachishwa, tamu kuliko zote inatoka jikoni kwake. Mchele wa msaada ulipoletwa, wenzake walipanga foleni na kusaini daftari, yeye akabaki kwake akisema ana mchele wa kutosha, na hakuwa nao. Tarishi akimletea barua ya kusainiwa, alimwambia airudishe ilikotoka. Watani wake walisema siku ya kiyama atawadai malaika kitambulisho kwanza.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na miwili nyuma aliitwa ukumbini pamoja na wanakijiji wengine, wakasikiliza hotuba ndefu ya maendeleo, wakasaini karatasi ya mahudhurio, kila mmoja akapewa boksi la wali lenye paja la kuku, wakaenda zao. Baada ya miezi mitatu ile karatasi ya mahudhurio ikaonekana imebanwa nyuma ya barua iliyosema wananchi wa Watugiri wamekubali kwa hiari mlima wa kaskazini uchimbwe mawe. Jina la Ngatirah lilikuwa la tatu. Mlima ukaliwa, chemchemi ya upande ule ikakauka, na watu wa kule hadi leo wananunua maji ya lori. Marehemu mumewe alikuwa akimwambia kila wakigombana, “Ulisaini mwenyewe, kalamu hukushikwa mkono.” Alikufa bila kuacha kusema hivyo, na Ngatirah hajawahi kumsamehe kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Sasa wenye machimbo waliutaka mlima wa kusini. Chini ya mlima huo ndipo inapotoka chemchemi ya kitongoji chetu, na maji ya chemchemi hiyo ndiyo maisha ya Ngatirah. Tempe ni maji. Soya unaiosha, unaichemsha, unaivua maganda kwa mikono, unaiosha tena mpaka maji yatoke safi kabisa, ndipo unaitia hamira yake na kuifunga kwenye majani ya mgomba ichache. Alishajaribu maji ya lori mara moja, tempe ikatoka na madoa meusi na harufu ya msumari. Kwa kazi hiyo alilea watoto wawili, na hakuwa na nyingine.

Aliyesimamia ombi la kupinga machimbo alikuwa Bu Lestiyani (Bu kwetu ndiyo Mama), mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti ya darasani. Ofisi ya wilaya ilikuwa imetamka kwa maandishi: zikipinga zaidi ya nusu ya kaya za kitongoji, kibali kinarudi mezani. Kaya ni mia mbili na kumi na nne. Zilihitajika saini mia moja na nane, moja kwa kila nyumba, zenye kopi ya kitambulisho.

Bu Lestiyani alipofika jikoni kwa Ngatirah, alimkuta ana povu la soya mpaka kwenye viwiko.

“Mama Tirah, safari hii usiniangushe. Maji ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote hapa.”

Ngatirah alifuta mikono, akazichukua karatasi, akaanza kuzigeuza. Barua ilikuwa ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizofuata zilikuwa na mistari na namba tu.

“Hii ya majina mbona haina kichwa?”

“Kichwa kipo kwenye barua, si umekiona?”

“Barua hii leo ipo. Kesho mtu akiichomoa akabandika nyingine, mimi nitakuwa nimekubali nini? Nimekubali kuuza figo?”

Bu Lestiyani akakaa palepale kwenye kigoda, akaandika kwa mkono juu ya kila ukurasa: Sisi tuliosaini hapa tunapinga kuchimbwa kwa mlima wa kusini. Kurasa tisa. Wino ukamchafua vidole.

“Haya. Kichwa kipo. Utasaini?”

“Nitafikiria.”

“Unafikiria nini tena, mama?”

“Nafikiria kwa nini umekubali haraka hivyo.”

Bu Lestiyani alitoka bila kuaga, na sidhani kuna wa kumlaumu. Lakini Ngatirah naye alikuwa na lake moyoni: mpwa wa huyu mwalimu alikuwa dereva wa lori la machimbo. Mtu mwenye mpwa kule anapingaje kule? Alilala na swali hilo, akaamka nalo.

Ombi likaenda wilayani bila saini yake, likiwa na kaya mia moja na kumi na tano. Nakala ikabandikwa kwenye ubao nje ya ukumbi. Ngatirah, ambaye hakusaini, ndiye mtu pekee aliyekwenda kuisoma yote. Alitaka kuwajua waliosaini, na zaidi waliosaini huku wanakula mshahara wa machimbo. Alifuata majina kwa kidole. Alipofika namba themanini na nane, kidole kikaganda. Ngatirah. Na mbele ya jina, saini yenye mkia mrefu uliojikunja, ambayo hajawahi kuiandika maishani mwake.

Hasira zikaizidi hofu, akaenda moja kwa moja kwa Bu Lestiyani.

“Umenifanyia kama wale! Tena wewe, mwalimu!”

“Nimefanya nini? Karatasi nilimwachia Painem kwa siku mbili akusanye upande wenu. Muulize yeye.”

Painem hakuwa wa kutafutwa mbali. Jiko lake na la Ngatirah yalitenganishwa na ukuta mmoja wa mianzi. Kwa miaka ishirini alikaanga tempe ya Ngatirah kwenye kibanda chake cha vitafunio, na wakati wa maziko ya mume wa Ngatirah ndiye aliyewapikia wageni siku zote saba. Alipoulizwa, alicheka huku akigeuza vitafunio kwenye mafuta.

“Ni mimi, Yu Tirah.” Alimwita Yu kama watu wa kwetu wanavyomwita dada mkubwa. “Nilijua unataka, ila unaogopa. Nikakutoa aibu.”

“Umeandika jina langu, Nem!”

“Nimeandika lako na la wengine kumi. Walioko Malaysia, walioko Surabaya, na vikongwe wasiotoka ndani. Wengine wamenipigia simu kabisa, ‘niwekee na yangu’. Kliniki si tunawekeana, na kopi za vitambulisho vyenu si zinabaki kwangu? Mkutano wa akina mama mbona tunawekeana? Leo imekuwa dhambi?”

“Hii si kliniki.”

“Basi nenda ukanishtaki,” Painem alisema, bado anacheka, akamfungia vipande vinne vya moto kwenye karatasi. Ngatirah alivichukua. Hakuvila.

Siku tatu baadaye Pak Lurah, mkuu wa kijiji na mtetezi wa machimbo, alipiga hodi. Mtu huyu hakuwa amekanyaga jiko lile tangu uchaguzi. Alikuja na mfuko wa sukari na majani ya chai, akasifia usafi wa masufuria, akauliza habari za wajukuu kwa majina yao, na majina mawili akayakosea.

“Mama Tirah, kijiji kizima kinajua wewe ni mtu mkweli. Jumatatu wanakuja maofisa kuhakiki saini. Wataanza na yako. Mimi sikuombi kitu. Wakikuuliza kama umesaini, sema kweli tu.”

“Na umejuaje kama wataanza na yangu?”

Pak Lurah alitabasamu, akasema chai imepoa.

Alipoondoka, Ngatirah aliutazama ule mfuko wa sukari kwa muda mrefu. Mtu wa aina ile hakuombi ukweli bure. Akisema hakusaini, watasema ombi lote ni la kughushi. Na akidanganya kwamba alisaini? Alichukua kipande cha mkaa, akajaribu kuuiga ule mkia wa Painem sakafuni. Ukatoka kama nyoka aliyekanyagwa. Wangemwambia tu, saini tena hapa tuone, na mchezo ungeishia hapo. Pak Lurah alikuwa amemwekea mitego miwili, huku na huku, na sukari katikati. Alimchukia kwa moyo wake wote siku ile. Akamchukia na Painem kidogo, kisha akajichukia mwenyewe kwa sababu angesaini tangu siku ya kwanza yasingemkuta haya.

Jumatatu ukumbi ulijaa. Maofisa walikuwa wawili. Mkubwa wao mwanamume mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Pak Lurah aliketi pembeni, shati la batiki limepigwa pasi mpaka linasimama.

“Namba themanini na nane. Mama, saini hii ni yako?”

“Si yangu.”

Ukumbi uliguna. Bu Lestiyani alifumba macho. Pak Lurah alikunja miguu vizuri, kama mtu anayesubiri kuletewa chakula.

“Umesema si yako.”

“Si yangu. Ifute. Na ukifuta hiyo, tazama namba zote zenye mkia kama huo. Ziko kumi na moja, nimezihesabu ubaoni. Mkono ni mmoja. Zifute zote, halafu unipe kalamu nisaini yangu mbele yako, ili asije mtu akasema nimesainiwa.”

Ofisa alishusha miwani, akapitia kurasa. Zilikuwa kumi na moja kweli.

“Hizi kaandika nani? Mwalimu ndiye mkusanyaji. Ikiwa ni yeye, ombi zima halina maana, na yeye ana kesi.”

Watu walimgeukia Bu Lestiyani. Uso wake ulikuwa umeisha damu. Mama aliyeandika kurasa tisa kwa mkono kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja! Ngatirah alimtazama, akasikia aibu kwa yote aliyomdhania, mpwa na lori na yote. Alijua Painem yuko nyuma yake, safu ya pili, upande wa dirisha. Hakugeuka.

“Siyo mwalimu,” alisema. “Ni Painem. Jirani yangu. Hakuwa na nia mbaya.”

Hilo la nia mbaya hakuna aliyelisikia, kwa kelele zilizotokea. Painem alisimama, akajifunga mtandio vizuri, akatoka nje. Hakulia.

Ofisa aligonga meza. Saini kumi na moja alizifuta, na ile ya Painem mwenyewe akaifuta pia, zikabaki mia moja na tatu. Kama anataka asaini upya. Alitoa siku saba zitafutwe zilizopungua. Ngatirah akasoma barua yote kwa sauti, kila ukurasa, maofisa wakimsubiri, kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa na kupiga mstari kwenye nafasi iliyobaki ili asiongezewe kitu. Vikongwe watatu kati ya wale waliosainiwa na Painem wakaletwa wakishikwa mikono, nao wakasaini. Ikawa mia moja na saba. Pak Lurah alikuwa ameshaondoka.

Ilipungua moja. Ukiacha za walioko mbali, kaya zilizobaki ama ziliajiriwa na machimbo ama zilikuwa za ndugu zake Pak Lurah, na Bu Lestiyani alizigongea zote mara mbili. Kwa Painem alikwenda mara tatu, akaambiwa amelala. Kibanda cha vitafunio kilikuwa kimefungwa. Watu walishaanza kumwita Mama Mkia, na watoto walimwimbia hivyo njiani. Kupitia ukuta wa mianzi Ngatirah alisikia ufagio, sufuria, kikohozi. Salamu hakusikia.

Asubuhi ya siku ya saba alichukua karatasi, kalamu, na tempe mbili mpya zilizofungwa kwenye majani. Akapiga hodi kwa mlango wa mbele, yeye aliyekuwa akiingilia jikoni miaka yote.

Painem alifungua, akasimama katikati ya mlango.

“Karatasi gani hiyo?”

“Ni ile ile, Nem. Imebaki moja.”

“Nani kakutuma?”

“Hakuna. Nimekuja mwenyewe.”

“Nitajuaje kama ni ile ile? Isome.”

Ngatirah aliisoma yote pale mlangoni, mpaka tarehe. Majirani wawili walipita, wakajifanya hawaoni. Alipomaliza, Painem alikuwa hajasogea.

“Ungesema ndiyo siku ile, ungepungukiwa nini?”

“Wangeniambia nisaini tena. Wangeona haifanani, wangelitupa ombi lote.”

“Sikuulizi ombi. Nakuuliza jina langu. Ulilitaja mbele ya kijiji.”

“Wangemshika mwalimu.”

“Kwa hiyo ukaona bora mimi.”

Ngatirah alishusha karatasi.

“Nisamehe, Nem. Iliniuma. Inaniuma mpaka sasa.”

Painem alinyoosha mkono, akapokea karatasi na kalamu. Aliegemeza karatasi kwenye mwimo wa mlango, akaandika polepole, akarudisha.

“Hii nimesaini kwa ajili ya maji. Siyo kwa ajili yako. Na hiyo tempe rudi nayo.”

Hapo ndipo Ngatirah alipotakiwa kuinua macho na kusema asante. Lakini macho yalishuka yenyewe kwenye karatasi: yakaangalia namba, yakaangalia jina, yakapita herufi moja moja mpaka kwenye saini, yakahama kwenye kopi ya kitambulisho iliyobanwa pamoja nayo na kurudi. Alipogundua anachofanya, Painem alikuwa anamtazama.

“Iko sawa?” Painem aliuliza.

“Iko sawa.”

Painem akafunga mlango, na Ngatirah akasikia komeo likiingia.