Jina Nililomnyang'anya Mama Ngoie

Ipo siku ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda, nami ndiye ninayejikasirikia kwanza. Sikutaka kukusimulia. Lakini jana umerudi kutoka chuoni Kasapa, na mbele ya wageni ukamwambia nyanya yako kwamba maombi yake ya maisha yote hayakufika popote kwa sababu anasema "Yehova", eti mtu mmoja kwenye simu yako amefundisha jina la kweli. Nilimwona mama wa watu akiinamisha kichwa. Basi kaa, weka simu chini, usinikatize.

Nami nilikuwa mwanafunzi. Kiebrania nilikisoma kwa Mwalimu Ilunga, mzee mkali aliyetufundisha kusoma kutoka kulia kwenda kushoto. Kwake nilijua kwamba jina la Mungu huandikwa kwa herufi nne tu, yod, he, waw, he, konsonanti tupu. Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka. Walipolifikia katika kusoma walisema Adonai, yaani Bwana. Baadaye waandishi wao wakatia kwenye zile herufi nne alama za irabu za Adonai, zimkumbushe msomaji. Wageni wasiojua desturi hiyo wakasoma vyote pamoja, ndipo likapatikana Yehova. Wataalamu wengi wanadhani zamani lilitamkwa Yahwe. Wanadhani, mwanangu. Lisikie vizuri neno hilo, maana mimi sikulisikia.

Aliyenilea ni Mama Ngoie, dada mkubwa wa mama yangu, aliyekuwa akiuza sokoni samaki wakavu kutoka Pweto. Mwaka ule binti yake wa pekee, Monga, alilazwa hospitali, tumbo limevimba, na waganga wakasema watampasua kesho yake. Nilimkuta Mama Ngoie amepiga magoti kwenye simenti kando ya kitanda, anaita Yehova, Yehova, hana neno jingine. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakimwitikia amina. Nikaona hapo pa kuonyesha elimu yangu. Nikamwinua kwa mkono, nikamweleza mbele yao wote kwamba jina hilo ni kosa la wasomaji, kwamba hakuna aliyewahi kuitwa hivyo.

Akaniuliza polepole, "Basi ile miaka yote nilikuwa naita nani?"

Nilicheka kidogo. Nakuambia ukweli, nilicheka. Alijipangusa magoti, akakaa kwenye kiti, wala hakuomba tena mpaka walipokuja kumchukua Monga asubuhi. Monga hakutoka mzima katika chumba kile.

Baada ya matanga Mama Ngoie alikuja mlangoni pangu. "Unifundishe ile jina ya kweli," akasema. "Nitamwita tena, nimuulize."

Hapo nikagundua sina cha kumpa. Matamshi yale hakuna aliye na hakika nayo. Nilikuwa nimemnyang'anya jina alilokuwa nalo, na mkononi sikuwa na jingine.

Nikakimbilia kwa Mwalimu Ilunga nikitegemea kufarijiwa. Alifunga kitabu kwa kishindo. "Nilikufundisha zile herufi ine ili uogope," akasema. "Hapana ili uogopeshe bantu." Akavaa koti lake, tukaenda.

Kwa Mama Ngoie alikuwa na upole ambao mimi hakunipa. Alimweleza kwamba asili kamili ya jina hilo haijulikani. Wako wanaosema lilitoka jangwa la kusini, upande wa Midiani, alikochunga Musa mifugo ya baba mkwe wake. Ila Musa alipouliza jina, alijibiwa kwa neno lililotoka katika kitenzi cha kuwa, jinsi sisi hapa tunavyosema "niko". Na mwenye kuitwa hivyo, alisema mwalimu, hangojei ulimi wa mtu unyooke ndipo amsikie.

Mama Ngoie alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi. "Kama iko vile, alikuwa pale hospitali, alinisikia," akasema. "Na weye ulikuwa pale. Ni weye ulinifunga kinywa."

Hakunitupa. Alinipikia, alinisalimu, na siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyenifunga tai. Lakini mpaka tunamzika sikumsikia tena akiomba. Nikiingia anaomba, alinyamaza.

Kwa hiyo nimekasirika, na huyo wa kwenye simu yako angekuwa hapa angenisikia, maana kutisha watu anajua, Kiebrania hajui. Wewe shika haya. Soma, tena soma sana, sikukatazi. Lakini pale wenye elimu wanaposema "tunadhani", wewe usiseme "hakika". Usimsahihishe mtu aliyepiga magoti. Mngoje asimame, na hata akisimama, jiulize kwanza kama unataka ajue au unataka akuone. Na ukimwondolea mtu neno analoombea, uwe na uhakika unalo la kumpa, la sivyo funga mdomo.

Sasa nenda kwa nyanya yako, umwombe msamaha leo hii, mimi nikiwa hai nione. Kisha umwombe akuwekee mkono kichwani. Na Mungu, kwa jina lolote atakalomwita nyanya yako, akubariki, akuzidishie akili, asikuache ukawa mwenye elimu asiyeombewa na mtu.