Uzito wa Shashi

Shemeji yangu, mjane wa kaka, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kliniki ya wanyama, na pale wote walimwita Mama Mizani. Kila kipande cha shashi kilichofuta damu wakati wa upasuaji alikiweka kwenye mizani ndogo kama ya sonara, akatoa uzito wa kipande kikavu, akataja jibu kwa sauti. Gramu moja ni mililita moja ya damu, hesabu imekwisha. Daktari wa zamani, mzee asiyecheka hata akitekenywa, hakuanza kushona kabla hajamsikia.

Mzee akastaafu. Akaja daktari kijana na mashine ya kunyonya damu, yenye chupa iliyochorwa mistari. Akasema ile mizani ingefaa duka la viungo, akaitupia stoo. Siku hizi kitu kikiwa na waya wa umeme kinaaminiwa kuliko mtu. Shemeji akaamriwa atupe shashi zikishatumika. Akatii; ana wajukuu wanaokula.

Basi asubuhi moja mshonaji wa mtaa wa nyuma akaleta kijibwa cha mama yake. Pikipiki ilikuwa imekigonga, jicho limechomoka na haliponyeki. Yule mama alikuwa amepooza, na tangu apooze hakumtamkia mtu neno, ila jina la mbwa huyo alilitaja. Mshonaji alimshika shemeji mkono pale mlangoni.

"Dada, akifa huyu, nitarudi nyumbani na uso gani?"

Kijibwa kilikuwa na kilo nne. Damu yote ya mnyama wa kilo nne ingetosha kujaza chupa moja ya soda, basi.

Daktari alipokata nyuma ya jicho, damu ilifoka. Akakandamiza shashi, akaitoa, akakandamiza nyingine, huku mashine ikinguruma. Jicho likatoka. Akatazama chupa: mililita kumi na tano. Akasema kazi imekuwa safi, akaanza kushona huku akipiga mluzi.

Shemeji akazoa lile bonge la shashi akalitupe. Kiganja chake kikashtukia uzito kabla yake. Hakuuliza mtu, alikwenda stoo, akafuta vumbi kwenye mizani, akapima. Gramu sabini, zaidi ya uzito wa shashi zenyewe. Akapima tena, akidhani mizani imeharibika kwa kukaa bure. Sabini.

Alirudi akamwambia daktari aache kushona.

"Mama, chupa inasema kumi na tano."

"Chupa inasema kilichoingia kwenye chupa. Sabini nyingine ninazo hapa mkononi. Huyu ameshapoteza robo ya damu yake. Mfunue mdomo."

Daktari akafunua. Ufizi ulikuwa mweupe kama chaki. Akaubonyeza kwa kidole, rangi haikurudi. Mluzi ulikatika. Alipofumua nyuzi alikuta tundu la jicho limejaa damu tena, mshipa bado unavuja kimya kimya chini ya ushonaji wake mzuri.

Akaufunga mshipa. Wakamvuta ndani mbwa mkubwa wa mlinzi wa kliniki, wakampima kama damu yao inapatana, wakamtoa damu na kumtundikia mdogo. Shemeji alikaa ameshika chupa ya maji ya moto kwenye tumbo la kile kijibwa, bila kusogea, saa nzima na zaidi, hadi ufizi ukapata rangi na ulimi ukatoka kulamba pua.

Mshonaji alipoambiwa mbwa yu hai, alikaa chini palepale kwenye korido akalia.

Daktari naye alikuwa amekaa sakafuni, glavu bado mikononi. Shemeji anasema hata midomo yake ilikuwa myeupe. Akauliza pasipo kumtazama.

"Wale wawili wa mwezi uliopita, niliowatoa jicho wakafa usiku, nikasema ni dawa ya usingizi. Shashi zao zilikuwa nzito?"

"Mkono wangu ulisema ni nzito," shemeji alimjibu. "Nikazitupa, kama ulivyoniagiza."